Jarida la Muziki Lisilo na Nyimbo

Mjadala kuhusu nafasi ya muziki wa vijana katika fasihi ya Kiswahili si mgeni katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Wapo wanaoshikilia kwamba maneno ya nyimbo hizo hayastahili kuitwa ushairi, na wapo wanaoyaona kuwa ndiyo ushairi wa zama hizi. Makongamano yamefanywa, tasnifu zimeandikwa, na pande zote mbili zimevutana kwa ari. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo aghalabu husahaulika katika mvutano huo: kwa sehemu kubwa, maneno yenyewe hayajachapishwa. Mhakiki anayetaka kuyajadili hana budi kuketi na redio au simu, asikilize, asimamishe, aandike, arudishe nyuma, kisha ayanukuu kwa tahajia aliyoibuni mwenyewe. Mhakiki mwingine huandika vingine. Hatimaye wawili hao hubishana kuhusu wimbo mmoja ilhali kila mmoja ana matini yake.

Kwa sababu hiyo, kuna zoezi moja la darasani ambalo wataalamu wa Kiswahili hawalijali sana lakini linastahili kutazamwa kwa makini. Katika masomo ya uanahabari, mwanafunzi hutakiwa kubuni jarida la muziki wa vijana: jalada, ukurasa wa yaliyomo, na makala moja ndefu inayotandazwa katika kurasa mbili zinazotazamana. Zoezi la namna hii lilienea sana katika shule za Uingereza, na umbo lake husafiri pamoja na vitabu vya kiada na violezo vya kompyuta hadi kufika pwani ya Kenya. Anayelitazama kwa haraka ataliona kuwa suala la rangi, picha na ukubwa wa herufi. Makala haya yanashikilia kwamba ni suala la fasihi kabla ya kuwa la rangi.

Achukuliwe, kwa mfano, mwanafunzi wa uanahabari ambaye kwao ni Jomvu Kuu. Hufungua kompyuta, akatafuta kiolezo, akakijaza. Jina la jarida huwa ni neno moja la Kiingereza kwa herufi nyekundu. Chini ya jina huwekwa uso wa msanii anayemkazia macho msomaji. Pembeni huorodheshwa majina ya wasanii wengine sita au saba, pamoja na ahadi ya kufichua siri ya mmoja wao. Ndani, mahojiano hupangwa katika safu tatu, na katikati ya ukurasa hukuzwa kauli moja ya msanii ambayo mara nyingi haisemi lolote. Msanii hueleza gari analolipenda, chakula anachokipenda na mipango yake ya mwaka ujao. Mwanafunzi hupata alama nzuri. Wala hana kosa: alitakiwa afuate kaida za utanzu, naye amezifuata. Ila msomaji akilifunga jarida hilo hatakuwa amesoma hata ubeti mmoja. Ni sawa na jarida la upishi lililojaa picha za wapishi na lisilo na chakula.

Jambo hili lingekuwa dogo kama Jomvu Kuu ingekuwa mahali pasipo na historia ya maneno. Sivyo. Wasafiri wa barabara ya Nairobi hupajua Jomvu kwa malori ya makontena na msongamano wake, na tangu mwaka 2017 kituo kikuu cha reli mpya kilichopo Miritini kimeongeza pilikapilika. Tangu mwaka 2013 Jomvu ni eneo bunge. Lakini Jomvu Kuu yenyewe, ile iliyoko ukingoni mwa hori la Tudor miongoni mwa mikoko, ni mji wa kale. Wajomvu ni mojawapo ya Tisa Taifa, ambazo pamoja na Thelatha Taifa huunda Thenashara Taifa za Waswahili wa Mombasa. Usemi wao ulichukuliwa kuwa na upekee wa kutosha hata H. E. Lambert akauandikia utafiti uliochapishwa mwaka 1958, akiulinganisha na usemi wa Kingare. Basi mwanafunzi huyo hatoki katika kitongoji cha barabarani tu. Anatoka mahali ambapo namna ya kusema neno iliwahi kutengewa kitabu.

Na mahali hapo bado panaimbwa. Kuna kasida na maulidi, kuna chakacha na vugo za harusini, kuna muziki wa matatu ambao kijana huusikia kutoka stejini hadi mjini. Kijana wa leo hachagui kimoja akaacha kingine. Usiku wa harusi hutazama shangazi zake wakicheza chakacha, na asubuhi yake huwa na kizazi kipya sikioni. Jarida linalotaka kuwa lake lingepaswa kuujua ujirani huo, kwa maana muziki wa vijana wa pwani umeutegemea siku zote. Bendi ya Mombasa Roots ilipovuma katika miaka ya 1980 kwa kibao chake cha Disco Chakacha, mdundo uliopelekwa katika madansa ya hotelini ulikuwa umetoka katika nyua za wanawake. Joseph Ngala wa Freretown, huko Kisauni, naye aliichanganya midundo ya pwani na saksafoni hadi pakazaliwa bango, ambalo leo halikosi katika harusi nyingi za pwani. Wanawake waliotunga chakacha zilizozaa muziki huo ni wangapi wanaojulikana kwa majina?

Hapa ndipo penye uzito wa suala hili. Jarida la muziki huamua ni nani anayehesabiwa kuwa msanii. Kiolezo cha kigeni humhesabu mwimbaji peke yake, kwa kuwa ndiye mwenye uso. Mapokeo ya Mombasa hayakuwa hivyo. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa sauti iliyopendwa pwani nzima, lakini wapenzi wa taarabu walijua vyema kwamba nyingi katika nyimbo zake zilitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilitolewa mwaka 1971. Mwimbaji alikuwa na heshima yake, na mtunzi alikuwa na yake. Msikilizaji wa taarabu hakuenda kusikiliza sauti tu. Alikwenda kutegua fumbo, kulipima neno, kujiuliza limeelekezwa kwa nani, na kesho yake kulijadili barazani. Mabishano hayo yalitegemea neno lililosikika au lisilosikika barabara, kwani kaseti ilibeba sauti na haikubeba maandishi ya wimbo.

Hasara ya kutoandika inajulikana. Wimbo wa Malaika umeimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte, umesikika katika kila bara, na hadi leo watu wanabishana kuhusu mtunzi wake. Fadhili William ndiye aliyeurekodi ukapata umaarufu. Adam Salim wa Tanzania alidai ni wake. Na wapo wanaotaja wengine. Wimbo wa Jambo Bwana nao, uliorekodiwa na Them Mushrooms mwaka 1982 na kuchukuliwa mwaka uliofuata na kundi la Boney M la Ujerumani, huimbwa na watalii ambao hawajapata kulisikia jina la Teddy Kalanda Harrison. Wala si watalii tu. Mwulize kijana yeyote wa Mombasa ni nani aliyeutunga, kisha usubiri jibu. Laiti kungekuwa na jarida dogo la muziki katika miaka hiyo lililochapisha maneno ya wimbo, jina la mtunzi na tarehe, basi ubishi wa Malaika ungekuwa na ushahidi wa kurejelewa badala ya kumbukumbu za wazee zinazopingana.

Kinyume chake pia kinajulikana. Muyaka bin Haji alifariki mnamo mwaka 1840, na tungo zake zilibaki vinywani mwa watu wa Mombasa. Leo zinasomwa vyuoni kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya kutoka kwa waliozikumbuka, akaziandika, na mmisionari W. E. Taylor akazihifadhi pamoja na maelezo yake, hata William Hichens akaja kuzichapisha kama Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Miaka 100 baada ya mwenyewe kufariki! Mwalimu Sikujua hakuwa na kompyuta wala kiolezo. Alikuwa na subira ya kuwasikiliza watu, na alijua kwamba neno lisiloandikwa humfuata aliyelisema.

Yamkini mwalimu wa uanahabari atasema kwamba kuchapisha maneno ya nyimbo si kazi ya jarida la muziki wa vijana, na kwamba kazi hiyo ni ya kitabu. Atakuwa amesahau historia ya majarida yale yale yanayoigwa. Mojawapo ya majarida ya muziki yaliyopendwa mno na vijana wa Uingereza, Smash Hits, lilianzishwa mwaka 1978 na kudumu hadi 2006, na mvuto wake mkubwa tangu mwanzo ulikuwa ni kuchapisha maneno kamili ya nyimbo zilizokuwa zikivuma. Vijana walinunua mamia ya maelfu ya nakala, wakayakata maneno hayo, wakayabandika ukutani, wakayaimba. Hivyo basi, kilichofika pwani ni ganda la jarida la Kiingereza bila kiini chake. Uso umefika, herufi nyekundu zimefika, nyimbo zimebaki safarini.

Mwanafunzi akikubali kuzirudisha nyimbo ndani ya jarida lake, atagundua mara moja kwamba kiolezo hakitamsaidia. Ukurasa wa ukubwa wa A4 uliogawanywa katika safu tatu huipa kila safu upana wa takriban herufi 35 kwa maandishi ya ukubwa wa kawaida. Mshororo wa mizani 16, ambao ndio uti wa mgongo wa shairi la Kiswahili na wa nyimbo nyingi za taarabu, huhitaji takriban herufi 40 pamoja na nafasi. Maana yake ni kwamba mshororo hautaenea. Kompyuta itaukata popote ipendapo, neno la mwisho litashuka mstari wa pili peke yake kama mtoto aliyeachwa stejini, na kina cha mwisho hakitaonekana mahali pake. Msomaji atauona ubeti kama aya iliyoharibika. Mwanafunzi atadhani kwamba wimbo ndio mbaya, kumbe safu ndiyo iliyokuwa nyembamba.

Dawa yake ni kuanza na mshororo, kisha kuukatia ukurasa nguo. Ukurasa wa nyimbo uwe na safu mbili pana, au safu moja yenye pambizo kubwa, na kipande cha kwanza cha mshororo kitenganishwe na cha pili kwa nafasi ili vina vya kati vishuke wima na vya mwisho vishuke wima. Hivyo ndivyo diwani zilivyochapishwa, na jicho la msomaji wa pwani limezoea. Wimbo wa kufoka nao hauna mizani ya namna hiyo, wala usilazimishwe. Kundi la Ukoo Flani, lililoanzia Mombasa katika miaka ya 1990, halikuandika tarbia. Mistari ya namna yake inafaa kukatwa pale mdundo unapopiga au mwimbaji anapovuta pumzi. Hilo litamtaka mwanafunzi ausikilize wimbo mara kumi kabla ya kugusa kompyuta, na pengine ampigie simu msanii kumwuliza. Kazi hiyo ndiyo uhariri. Kuchagua rangi ya jalada kunaweza kusubiri.

Kuhusu sura ya kurasa kwa jumla, mwanafunzi wa Jomvu Kuu hana haja ya kwenda mbali. Nyumbani kwao kuna makabati yaliyojaa kurasa zilizosanifiwa kwa ustadi. Leso, au khanga kama waitavyo wengine, ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na chini ya mji ina jina, yaani yale maneno yanayoifanya inunuliwe au iachwe dukani. Ni chapa yenye fremu, picha na maandishi, na maandishi yake yanasomwa na mama asiyenunua gazeti. Wafanyabiashara wa Mombasa walilielewa hilo zamani. Leso za K.H.E. Mali ya Abdulla, za duka la Kaderdina Hajee Essak, zimekuwa zikibeba methali na mafumbo kwa vizazi kadhaa. Jalada lililojengwa kwa pindo, mji na jina litatambuliwa kutoka ng'ambo ya barabara kuwa ni la pwani, na litamwachia mwanafunzi uhuru ambao kiolezo hakimpi. Katika mji wa Waislamu kama Jomvu Kuu, si kila binti anayeimba vizuri angependa sura yake itundikwe dukani. Mji wa jalada unaweza kuwa udi, ngoma, pembe la vugo au mkono wenye hina, na jina likawa mstari wa wimbo wake kwa idhini yake.

Haifai hata hivyo kulifanya jambo hili kuwa mapambo ya utamaduni. Jarida lililojaa pindo za leso na lisilo na ubeti halizidi lile la herufi nyekundu kwa lolote.

Suala gumu zaidi ni tahajia, na hapa wanafunzi wa Kiswahili wangepaswa kujiuliza wako upande gani. Mwimbaji wa Mombasa husema ndoo, ndia, nti na matozi. Mwanafunzi aliyefunzwa shuleni kwamba sahihi ni njoo, njia, nchi na machozi atasahihisha bila kufikiri. Akisahihisha, kina kinaweza kuvunjika, kwani mtunzi aliyeviweka vina vyake katika -to hakutarajia kukuta -cho. Zaidi ya hayo, ataandika kitu ambacho hakikuimbwa. Kuna kinaya katika historia ya jambo hili: mkutano ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu ulifanyika Mombasa kwenyewe, mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930. Sanifu imefaa kwa mengi, na makala haya yenyewe yameandikwa kwayo. Lakini Sanifu iliundwa kwa ajili ya vitabu vya shule na kazi za serikali. Haikukusudiwa kumsahihisha malenga katikati ya ubeti.

Kanuni inayopendekezwa hapa ni nyepesi. Maelezo, vichwa, mahojiano na matangazo yaandikwe kwa Sanifu nzuri. Maneno ya wimbo yaandikwe kama yalivyoimbwa, na chini ya ukurasa iwekwe faharasa fupi ya maneno manne au matano. Pale ambapo maana inategemea mpumuo, alama itumike: k'aa wa baharini si kaa la moto, na p'aa wa mwituni si paa la nyumba. Abdilatif Abdalla, nduguye Ahmad Nassir, alichapisha Sauti ya Dhiki kwa Kimvita mwaka 1973, na lahaja yake haikuizuia diwani hiyo kutunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Kama Kimvita kilitosha kubeba uchungu wa jela, hakishindwi na wimbo wa mapenzi. Kijana wa Nairobi atakayelipata jarida hilo atajifunza maneno matano mapya. Hilo si balaa. Na kanuni hii iende pande zote. Mwanafunzi asiyethubutu kumsahihisha mzee wa taarabu asimsahihishe pia kijana anayefoka kwa Sheng, hata kama Sheng inamkera.

Yapo mapingamizi, na baadhi yana uzito. La kwanza ni la simu. Husemwa kwamba maneno ya nyimbo yamejaa katika intaneti, basi kuyachapisha ni kazi ya bure. Anayesema hivyo hajajaribu kuyasoma. Maneno mengi ya nyimbo za Kiswahili yaliyoko huko yameandikwa kwa kukisia na mtu asiyejulikana, matozi yamegeuzwa kuwa neno jingine, mtunzi hatajwi, na kosa moja hunakiliwa katika kurasa 20 hata likaonekana kuwa ushahidi. Jarida lenye jina la mhariri lina mtu wa kuulizwa.

La pili ni la soko: vijana wanataka nyuso na umbea. Ni kweli, wanataka, na hakuna sababu ya kuwanyima. Uso wa msanii kama Nyota Ndogo, ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ameithibitishia Kenya kwamba Kiswahili cha pwani kinauza, unaweza kukaa jalada la mbele bila kumdhuru mtu, maadamu ndani kuna alichokiimba na jina la aliyekitunga. Isitoshe, mradi wa chuo hauli kwa mauzo. Ni nafasi adimu ya kujaribu kile ambacho mwenye jarida la biashara ataogopa kujaribu.

La tatu ndilo zito, nalo ni la haki. Maneno ya wimbo ni mali ya mtunzi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi ya fasihi katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo kuchapisha wimbo mzima bila ruhusa ni kosa, hata kwa nia njema. Lakini kizuizi hiki ndicho kinachompeleka mwanafunzi mlangoni kwa mtunzi. Hawezi kuomba ruhusa bila kwanza kumjua anayemwomba. Ataingia studio aulize, studio imtume kwa mwimbaji, mwimbaji amtaje bibi fulani wa mtaa wa pili ambaye ndiye aliyemtungia beti tatu za mwisho. Karatasi moja ya ruhusa, yenye sahihi, jina na tarehe, ina thamani kwa mtafiti wa baadaye kuliko mahojiano kuhusu gari na chakula. Na bibi huyo akisema hataki jina lake lichapishwe, jarida liandike kwamba mtunzi ameomba asitajwe. Hilo ni tofauti kabisa na kuandika kwamba mtunzi hajulikani.

Upande wa gharama hauhitaji maneno mengi. Karatasi 4 za A3 zikichapwa pande zote mbili, zikakunjwa na kubanwa pini mbili katikati, hutoa kurasa 16. Rangi itumike katika karatasi ya nje tu, na mwanafunzi akumbuke kwamba rangi inayong'aa kwenye kioo cha kompyuta hufifia kidogo ikifika karatasini. Washonaji, wapambaji wa maharusi, wapiga picha na wauza leso wa Changamwe na Mikindani wana haja ya kutangaza biashara zao kwa watu wanaokwenda harusini. Hao ndio wasomaji wa jarida lenyewe.

Lawama za mwisho haziwaendei wanafunzi wa uanahabari. Vyama vya Kiswahili vyuoni hufunga makongamano yao kwa taarabu, wajumbe hucheza hadi usiku wa manane, kisha majarida ya vyama hivyo hutoka yakiwa na makala kumi kuhusu isimu na shairi moja la kumsifu mlezi wa chama. Nyimbo zilizochezwa usiku ule hazimo. Wataalamu wanaojua kuhesabu mizani, kutofautisha lahaja na kuandaa matini wako katika idara moja, na wanaojua kupanga kurasa wako katika idara nyingine, na kati yao pengine kuna ujia wa hatua 30 tu. Mradi wa jarida la muziki unapotahiniwa, picha hupewa alama, rangi hupewa alama, aina ya herufi hupewa alama. Hakuna anayeulizwa kama ubeti umenukuliwa sawasawa. Mhadhiri wa ushairi angeweza kukaribishwa kutoa hata alama kumi kati ya mia. Vilevile mwanafunzi wa Kiswahili angeweza kuruhusiwa kuwasilisha ukurasa wa nyimbo uliohaririwa vyema badala ya insha nyingine kuhusu maana ya ushairi.

Kwa sasa mwanafunzi wa Jomvu Kuu ana muhula mmoja na kurasa 16. Mwishoni mwa juma kuna harusi, na kikundi cha chakacha kitaanza baada ya isha. Mwenye kukiongoza huenda akacheka akiona daftari. Huenda pia akakubali, kwa sharti ambalo watunzi wa pwani wamelitoa tangu zamani: kwamba kabla ya kupelekwa kwa mpiga chapa, wimbo usomwe mbele yake kwa sauti, neno kwa neno, naye aseme ni wapi pamekosewa.